Mama Mkwe Alikikata Kitabu Changu Mbele ya Wageni

Mkasi!

Mama mkwe wangu alichomoa mkasi kwenye mkoba, mbele ya wageni wote, akakifunua kitabu changu na kuanza kukikata...

Jamani, nilimkimbilia.

Tulikuwa kwenye duka la vitabu Jimbocho, Tokyo, siku ya uzinduzi. Na si kitabu hivi hivi. Ni kile kikubwa cha picha, cha kuweka mezani sebuleni ili mgeni akifunua aseme "duh!" Mimi ndiye niliyekibuni, kurasa zote mpaka jalada.

"Mama! Unafanya nini?"

"Usiniguse, Nagisa."

"Unaharibu kitabu!"

"Siharibu kitu. Nachukua cha kwangu."

Bosi wangu, Hirasawa, akanisogelea huku akiwachekea wageni kwa hofu.

"Nagisa, si uliniambia familia imeridhia?"

Wapendwa, hapo sasa ndipo mtakapojua mimi ni mtu wa namna gani.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mume wangu Kohei kwao ni Tsugaru, kaskazini kabisa, kwenye mashamba ya matufaha. Zamani pamba ilikuwa haimei kule. Watu walishona kiraka juu ya kiraka, bibi akifariki nguo zake zinaingia kwenye tandiko la wajukuu. Leo matajiri wa Tokyo wanayaita matambara hayo sanaa na kuyatundika ukutani. Wenyewe wanayaficha, maana yanawakumbusha njaa.

Mama Kinuyo, mama yake Kohei, alikuwa na tandiko moja la hivyo ghalani, ndani ya kasha. Zito, rangi ya nili, viraka mpaka macho yanachoka. Nililiona nikitafuta blanketi.

"Mama, hili zuri sana! Watu wangeliona..."

"Funga kasha."

"Lakini Mama..."

"Nimesema funga. Hilo si la kuonyesha watu."

Hakueleza zaidi, na mimi sikuuliza. Tulikuwa hatuivi. Ziara yangu ya kwanza pale kama bi harusi, yukata yangu, lile vazi jepesi la kiangazi lenye maua ya bluu, nililoshonewa na marehemu mama yangu, ilipotea kwenye kamba ya nguo. Nilimuuliza, akaendelea kumenya tufaha lake kama vile hajasikia.

"Mama yako ananichukia mpaka nguo zangu anazitupa!" nilimwambia Kohei. Tangu siku hiyo nilimweka moyoni vibaya.

Basi msimu wa kuchuma matufaha, wote wakiwa shambani, nikaingia ghalani. Nikalikunja tandiko, nikalitia kwenye sanduku langu.

Najua mnavyoniita. Niiteni tu.

Nilijipa moyo kwamba akiona wasomi wa Tokyo wanalisifia, aibu itamtoka na atanishukuru. Uongo mtupu! Nililitaka kwa ajili ya jina langu.

Picha za tandiko kwa ajili ya kitabu zikatoka za ajabu. Hirasawa akachanganyikiwa kwa furaha.

"Tufanye toleo maalumu! Kila nakala tubandike kipande halisi, kama vitabu vya nguo vya zamani. Lakini mwenyewe atakubali likatwe?"

Hapo ningeweza kusema hapana. Mdomo nilikuwa nao.

"Ameshakubali," nikasema.

Na mkasi nikauomba mimi mwenyewe, eti wengine watakata ovyo. Nikakata vipande vya mraba, vizuri, kwa rula. Lile tandiko liliisha mezani kwangu.

Kiraka kimoja tu kilinikera. Kilikuwa kipya, cheupecheupe, kinaharibu ule ukale. Nikakikata pamoja na kitambaa cha chini yake, nikakitenga. Wateja wangelalamika. Kisha nikakibandika kwenye nakala ya familia, ile ya kumpelekea Mama. *Yeye atajua nini?* nilijisemea.

Nakala hiyo alikuja nayo, na kiraka hicho ndicho alichokuwa anakikata sasa, mbele ya macho yangu...

Alipomaliza akakishika kwa vidole viwili.

"Hiki unakijua?"

"Ni... ni kiraka tu, Mama."

Akakata uzi wa pembeni kwa ncha ya mkasi. Akafunua.

Ndani kulikuwa na maua ya bluu.

Nikasahau kama kuna watu. Yale maua nimeyavaa, nimeyafua, nimeyalilia!

"Yukata yangu..."

"Ya mama yako," akanisahihisha. "Niliitoa kambani mwenyewe. Kwetu bi harusi haambiwi, anaonyeshwa siku akishika mimba. Maua nimeyageuzia ndani yasichuje. Siku ya kuzaa ndiyo yanageuzwa, yamguse mtoto."

"Mtoto...?"

"Lile ni tandiko la kuzalia, Nagisa. Juu yake nilimzaa Kohei. Juu yake mama mkwe wangu alimzaa baba yake Kohei. Kila mwanamke aliyeingia nyumba ile yumo. Na wewe nilishakutia."

Mkono ukanienda tumboni wenyewe. Nilikuwa sijamwambia mtu ila Kohei.

"Mama, nina..."

"Najua. Kohei alinipigia. Ndiyo maana nikaenda ghalani kulichukua nikuletee." Sauti yake ikashuka. "Nikakuta kasha tupu. Kesho yake kikaja kitabu chako."

Mungu wangu! Kwa nini hakunipiga kofi tu?

Mnajua nilijibu nini? Mpaka leo najichukia.

"Lakini Mama, siku hizi tunazalia hospitali. Kuna mashuka..."

Akanitazama.

"Mashuka ya hospitali hayana watu."

Akakiweka kile kipande kiganjani mwangu, akakifunga kiganja. Akawainamia wageni, akawaomba radhi kwa usumbufu, akaenda kupanda treni. Hata chai hakunywa.

Nilipiga magoti pale pale, paji la uso sakafuni, nikasema kila kitu kwa Hirasawa na kwa wageni. Kwamba familia haikuridhia. Kwamba niliiba. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Na kitabu chenyewe kizuri kweli." Hilo liliniuma kuliko matusi.

Toleo maalumu lilikuwa limeshatumwa kwa walioagiza, wengine ng'ambo. Nimewaandikia wote. Wapo waliorudisha, Mungu awabariki. Mmoja akanijibu, "Nilinunua kihalali, ni changu." Ningemlaumu vipi? Aliyemuuzia ni mimi.

Juzi nikapokea boksi la matufaha kutoka Tsugaru. Nikaanza kuyapanga jikoni, mkono ukagusa kitambaa.

Yukata yangu! Imefuliwa, imekunjwa, haina mkono mmoja tu. Juu yake kipande cha suruali ya shamba ya Mama, na sindano iliyokwisha tungwa uzi.

Nikampigia huku nalia.

"Mama, nimepata."

"Mm."

"Mimi hata kushona sijui vizuri."

"Hata mimi nilikuwa sijui."

"Mama... umenisamehe?"

Nilisikia redio yake, na kisu kinamenya tufaha.

"Shona kwanza," akasema, akakata simu.

Basi nashona tandiko jipya. Mshono unaenda kama njia ya konokono, vidole vimejaa matobo. Lile lenye watu wote wale halitarudi, na mwanangu nitamwambia ni nani aliyelikata. Nimejifunza nikiwa nimechelewa: ukikiona kitu kizuri nyumbani kwa mtu, muulize ni cha nini kabla hujamwambia ni kizuri.

Na wewe unayesoma hapa, kama kitabu kile kipo mezani kwako, naomba ukifunue ukurasa wa mwisho. Kibandue kile kipande taratibu, ufunue upande wa ndani.

Huyo ni mtu wa kwetu. Nirudishie, mimba inakua.