Moyo wa Fundi Cherehani

Kila siku nikitoka shule hupitia kibandani kwa kaka yangu, fundi cherehani. Yeye hushona nguo, mimi hushona vifungo na kumtania. Mtaani wanamwita Bwana Kiti, maana akishakaa asubuhi, hanyanyuki mpaka jioni. Akitaka soda hutuma mtu, na mtu mwenyewe ndiye mimi.

Siku moja tulipeleka sare za wauguzi hospitalini. Loo! Kupanda ngazi tu, kaka akahema mpaka akashika ukuta. Muuguzi mmoja akamkalisha, akampima.

"Presha yako iko juu, kijana," alisema. "Na umri wenyewe ndio huu!"

Baba yetu alifariki kwa presha, nami sikutaka kumpoteza na kaka.

"Lakini dada, mimi nafanya mazoezi kutwa!" kaka alijitetea. "Cherehani yangu ni ya miguu. Nani ananishinda kupiga pedali?"

"Ukipiga pedali unatoka jasho? Unahema?"

"Aa, wapi! Wakati mwingine hata nasinzia."

Muuguzi alicheka sana. "Basi moyo wako nao unasinzia. Tembea haraka, kimbia, mpaka uheme, ila uweze bado kuzungumza. Fanya hivyo siku nyingi za wiki. Chumvi na soda punguza. Urudi baada ya miezi mitatu. Presha ikikataa kushuka, tutaanza dawa."

Kesho yake alfajiri nilimvuta shuka.

"Niache bwana, nimechoka!"

"Baba ametuacha. Wewe huniachi, ng'o!"

Alitupa shuka pembeni, akatafuta viatu vyake.

Mwanzoni tulitembea tu. Watoto wa jirani walituona wakapiga kelele, "Bwana Kiti kakimbiwa na kiti chake!" Kaka aliona aibu, akataka kurudi.

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," nilimwambia. "Twende!"

Tukaenda. Tulianza kukimbia hadi kwenye kona, baadaye tukazunguka uwanja mzima. Mvua ilitunyeshea, miguu ilituuma, na kaka alinung'unika kila hatua. Lakini asubuhi moja nilishtuka kuona mgongo wake ukitokomea mbele.

"Kaka, ningoje jamani!" nililia, huku nacheka.

Miezi mitatu ilipotimia, mama alifuatana nasi hospitalini. Kaka alipanda ngazi mbilimbili, akatusubiri juu akipiga mluzi. Muuguzi alimpima, akarudia tena kupima.

"Imeshuka!" alisema. "Imefika panapotakiwa, bila kidonge hata kimoja!"

Nilipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakageuka. Kaka alininyanyua juu juu.

"Sikilizeni," muuguzi alisema. "Ujana si kinga. Moyo ni msuli, usipoutumikisha unalegea. Na mazoezi hayana kustaafu. Ukiacha, presha inaweza kurudi."

Mama alifuta machozi, akatutazama mmoja mmoja.

"Baba yenu hakupata wa kumwambia haya," alisema. "Kesho alfajiri, na mimi mniamshe."