Glasi ya Lavrenti

Kila asubuhi Zinaida aliikuta glavu ya kulia ya vazi imekunja ngumi, ingawa jioni yeye mwenyewe aliinyoosha. Halafu ile harufu ya tumbaku kali ya Lavrenti, katika karakana ambayo hata kiberiti kilikuwa marufuku.

Vazi lile la anga, la majaribio, lilishonwa kwa kipimo cha Lavrenti, rubani wa majaribio, ili siku moja wanajeshi wa Kisovieti walinde nalo kituo chao huko juu. Lavrenti alifia ndani yake, kwenye chumba kisicho na hewa. Arobaini yake ilikuwa haijafika, na watu wa pale hawavai nguo za marehemu kabla ya hapo. Zinaida, mshonaji wa glavu, alimwekea kando ya vazi glasi ya vodka iliyofunikwa kwa kipande cha mkate, kama inavyopasa kumwekea marehemu.

Mkuu wa karakana, Veniamin Lvovich, aliikuta akainywa. Mkate nao akaula. Mtu mzima na nishani zake kifuani, akala cha maiti huku akicheka. Bwege aliyepanda cheo kwa kubeba mikoba ya majenerali. Kisha akatangaza kwamba kesho yake Yefim, mumewe Zinaida, ndiye atakayelivaa kwenye chumba kile kile.

"Mkuu, tusubiri arobaini ipite," Zinaida alinong'ona.

"Kasubirie kanisani, mama. Hapa ni sayansi. Tazama."

Mlango wa vazi uko mgongoni, mtu huingia kama anavyoingia kabatini, na Veniamin akajipenyeza na kitambi chake, akiguna, akitaka washonaji wote wamwone, mpaka mlango ukajifunga bila kuguswa na mtu, harufu ya tumbaku ikajaa karakana nzima, zile glavu zikaanza kupiga kifua cha vazi, kwanza kwa fujo, kisha polepole, kisha zikatulia, na Zinaida akavuta komeo la mlango kwa mikono miwili, ukafunguka.

Veniamin akatoka mzima, uso umetulia.

"Sindano," alisema, "Yefim asivae. Bomba la hewa lina ufa ule ule ulioniua. Veniamin aliujua, akanyamaza."

Lavrenti pekee ndiye aliyekuwa akimwita Zinaida Sindano. Akaichana amri ya jaribio, akaomba kiberiti, akatoka nje kuvuta tumbaku.

Ndani ya kofia tupu ya vazi, kwenye spika, kijisauti kikalia: "Zinaida Petrovna, mpendwa wangu, nitoe."

Alimtambua Veniamin. Hata humo alikuwa bado anajipendekeza. Zinaida akaufunga mlango wa vazi, akakaza komeo.

"Subiri arobaini, mkuu," akasema, akarudi kwenye ushonaji wake.