Cherehani ya Mama Mdogo na Asali ya Stoo

Ninatangaza kwa heshima zote kwamba mwaka 1997 mji wa Mpanda ulipata mpelelezi wake mkuu, naye ni mimi. Nilikuwa kidato cha pili, niko likizo, na nilikuwa nimetumwa chumvi.

Niliporudi nilimkuta afisa wa kodi, Bi Imakulata, amefungua stoo ambayo baba mdogo Silvester alisema ina saruji. Ndani kulikuwa na madebe ya asali ya Inyonga, yamefunikwa vitambaa vya zambarau. Biashara hiyo haikuwahi kulipiwa kodi hata senti.

"Mume na mke deni lenu ni moja," afisa alimwambia mama mdogo Scolastica barazani. "Nachukua cherehani. Labda uthibitishe kwamba hukujua wala hukufaidi."

"Mama, hiyo cherehani ndiyo inatulisha!" mama mdogo alimlilia afisa.

"Asali ni yake," baba mdogo akadakia, akitazama vidole vya miguu. "Mimi natunza ufunguo tu."

Hapo nikaingia kazini. Nilimhoji Makoye, jirani muuza maziwa, aliyekuja kuchungulia.

"Madebe ni yako?"

"Dogo, nyuki akipita mimi nalala chini. Nenda zako."

Nilishauri tufunge faili. Afisa akaagiza madebe yatolewe nje. Mama mdogo alipoyaona alisahau hata cherehani.

"Kitambaa cha majoho ya kwaya! Baba Getrude, wiki mbili naitwa mwizi kanisani, kumbe umefunikia asali? Tena kimekatwa kwa wembe! Fundi gani anakata kwa wembe?"

Baba mdogo akajificha nyuma ya Makoye.

"Aliyejua hawezi kukasirika hivi," alisema Bi Imakulata. "Mama, nimekuondoa kwenye deni. Atalipa mwenyewe. Wewe bwana, kwa nini ulituficha?"

"Sikuwaficha nyie! Nilimficha Scola. Akijua nina hela, anajenga kwao Kasokola!"

Afisa akageuza kitambaa, akakagua ukingo uliokatwa kwa wembe. "Kabati la vitambaa liko chumba anacholala nani?"

Wote wakanitazama.

"Nilimpa chupa moja ya asali ya kupeleka bweni," baba mdogo akaongeza, bila kuulizwa.

Nilikiri. Wembe ulikuwa wangu, wa kuchongea penseli. Mama mdogo alikuwa keshanichagulia sindano: nishone kwa mkono pindo la kila joho la kwaya. Nikamuuliza afisa kwa adabu kama na mimi siwezi kuondolewa.

"Hiyo ni ya mke asiyejua," alisema. "Wewe si mke, na ulijua."