Kisiki Hang'oki

Dada yake ndiye aliyemkuta. Saa kumi na moja jioni alipanda ngazi kufuata kikombe cha chai, akasukuma mlango wa studio, akamwona mdogo wake amelala kifudifudi juu ya meza ya kuchorea, kisogo kimebonyea. Kilichokibonyeza kilikuwa sakafuni: kisiki cha kuchonga, cha mti mgumu, zawadi aliyopewa na mashabiki wake. Muuaji hakuridhika na pigo moja. Aliendelea kupiga hata baada ya kazi kwisha, na damu ilikuwa imefika darini.

Ukutani, kwa brashi pana ya marehemu iliyochovywa kwenye damu yake mwenyewe, palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: KISIKI HANG'OKI.

Inspekta wa upelelezi alifika maandishi hayo hayajakauka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye ugonjwa wa kusoma kila kitu kilichoandikwa mbele yake, hata nyuma ya pakiti ya chumvi. Aliusoma ukuta mara tatu. Kuna kitu kilimkera, na hakujua ni kitu gani.

"Kesi imejieleza yenyewe, afande," alisema Koplo wake, kijana mrefu asiyejua kunyamaza. "Wamebakiza kuacha namba ya simu tu."

Hakuwa anasema uongo. Mjini hapakuwa na mtu asiyemjua Kisiki, shujaa wa katuni wa marehemu Mchoraji. Kisiki haruki angani wala hakimbii. Anasimama tu. Majambazi wanamgonga kwa lori, lori ndilo linalokunjika. Watu wazima na akili zao walitembea na barakoa yake ya kahawia usoni. Wiki hiyo gazeti moja lilitoa habari kwamba katika toleo linalofuata Kisiki atang'olewa na kufa, na mji ukachemka. Kinyozi wa barabara ya soko, mwenyekiti wa mashabiki, alinguruma redioni hadharani: "Huyo Mchoraji akikiua Kisiki, na yeye tutamng'oa!"

Inspekta alimketisha dada wa marehemu kwenye ngazi. Alikuwa fundi cherehani, na chumba chake kilikuwa chini ya studio.

"Pole sana, dada. Nani alipanda leo?"

"Saa kumi hivi alipita mtu amevaa barakoa ya Kisiki na koti la mvua. Nilikuwa nashona, sikumjali. Wanakuja kila siku kupiga naye picha. Mlango wake hakuufunga hata siku moja, mdogo wangu huyu. Nilimwambia mpaka nikachoka."

"Na wewe ulimwona mara ya mwisho saa ngapi?"

"Saa tisa, nilimpelekea chai. Alikuwa amemaliza ukurasa wa mwisho, anacheka peke yake. Akaniambia, 'Dada, nimebadilisha mwisho. Usimwambie mtu, hata Mhariri hajui.'" Akajifuta macho kwa mkono wa gauni. "Kisiki hakifi, afande. Kinachipua. Alikichorea jani moja tu la kijani, hapa juu ya kichwa."

Inspekta alirudi mezani. Ukurasa wa mwisho ulikuwa chini ya kifua cha marehemu, umelowa damu kiasi kwamba hata yeye, kwa ugonjwa wake wote wa kusoma, hakuona kitu. Aliutia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Habari ya jani isitoke hapa," aliwaambia wote wawili. "Koplo, hasa wewe."

"Na huyu dada, afande?" Koplo alinong'ona. "Si ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote?"

"Aliyepiga vile alirukiwa na damu mpaka kwenye nyusi. Tazama gauni lake lilivyo jeupe. Nenda katazame mapipa ya taka huko nyuma."

Koplo alirudi na koti la mvua na barakoa, vyote vimetapakaa damu. Barakoa ilikuwa mpya kabisa, kamba yake haijawahi kufungwa hata mara mbili.

Walipofika barabara ya soko, habari ilikuwa imewatangulia. Saluni ya Kinyozi haikuwa na kioo kizima. Wanaume watatu walikuwa wamemlaza sakafuni, katikati ya nywele na vigae, wawili wameishika mikono, wa tatu anampiga usoni kwa chuma cha kuwekea miguu kilichong'olewa kwenye kiti chake mwenyewe. Sikio moja lilikuwa linaning'inia. Mkewe alikuwa amesimama juu yake na chupa iliyovunjika, mkono wake ukichuruzika damu, anawatukana wote bila kumsahau mama wa yeyote. Nje mtu mmoja alikuwa anamimina petroli kizingitini.

Inspekta alifyatua risasi hewani. Koplo aliingia kwa mabega, akapigwa ngumi, akatema jino, akampiga kichwa aliyempiga. Wakamtoa Kinyozi kwa kumburuta. Garini Inspekta alimfunga pingu, na hakuwa na hakika anamkamata au anamficha.

Hospitalini, saa mbili usiku, macho ya Kinyozi yalikuwa yamevimba yakafungika. Pingu moja ilikuwa mkononi mwake, nyingine kwenye chuma cha kitanda.

"Ulisema redioni utamng'oa," Inspekta alianza.

"Nilisema. Mdomo wangu hauna breki, muulize mke wangu."

"Saa kumi ulikuwa wapi?"

"Nanyoa."

"Unamnyoa nani?"

"Mteja mgeni. Jina silijui, nakijua kisogo chake tu. Ukiniletea visogo kumi nitakuchagulia."

Koplo alicheka, akashika taya kwa maumivu.

"Afande," alisema Kinyozi taratibu, "ni kweli Mchoraji amekufa?"

"Ni kweli."

"Mwanangu alilazwa wodi ya pili kutoka hapa. Kila jioni nilimsomea Kisiki. Kinapigwa, kimesimama. Kinapigwa, kimesimama. Akasimama na yeye. Sasa mimi nimuue mtu huyo? Ningemgombeza tu. Niambie, hakikung'oka?"

"Wewe vipi, ki-ki-ki, una kigugumizi?" Koplo aliingilia. "Kisiki ni shujaa. Sema 'hakung'oka' kama watu."

Mtu huyo, sikio limeshonwa, taya limefungwa bendeji, alijaribu kuinuka kwa hasira.

"Anayesema 'hakung'oka' si mwenzetu! Toleo la kwanza, yule bibi wa dirishani alikiona gizani akauliza 'Nini kile?' Hakuuliza 'Nani yule?' Tangu siku hiyo ni ki. Kwetu anayekosea anafagia saluni yangu wiki nzima. Hata watoto wadogo hawakosei."

Inspekta aliinuka bila kuaga. Alijua sasa kilichomkera ukutani.

Asubuhi aliamuru gari lipite polepole katikati ya mji. Kwenye kuta, kwenye milango ya maduka, kwenye mgongo wa malori, mashabiki walikuwa wameandika kwa rangi na kwa mkaa: KISIKI HAKINGOKI. Kila mahali ki. Na hapakuwa hata mmoja aliyejisumbua kuweka ritifaa, kile kialama kidogo kinachokaa kati ya ng na o.

"Muuaji ana maiti mbele yake," alimwambia Koplo. "Dada wa marehemu yuko chini anashona, anaweza kupanda wakati wowote. Brashi inadondosha damu. Na bado anasimama kuweka ritifaa mahali pake. Wewe ungeiweka?"

"Mimi hata kwenye mtihani sikuiweka, afande."

Kituoni, Mkuu wao alipoelezwa hakuchekeshwa. "Umati uko kwenye geti la hospitali na madumu ya petroli," alisema. "Wamesikia ndiye, na mlinzi mmoja ameshavunjwa mkono. Wewe unataka nitangaze kwamba mtu hana hatia kwa sababu ya ngeli? Adhuhuri nampandisha kizimbani. Kama wakinishinda nguvu njiani, damu yake iko juu yako."

Inspekta alijua wangemshinda nguvu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mhariri wa katuni za marehemu.

Mhariri alikuwa mtu mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na mezani kalamu nyekundu zimelala sambamba kando ya kisu cha kukatia karatasi. Alitoa pole kwa sauti ya msibani.

"Hicho Kisiki chenu kimetuletea balaa," alisema Inspekta, akiketi.

"Ametuletea," alisahihisha Mhariri. "Samahani, ni mazoea. Kisiki ni mhusika mwenye uhai, kwa hiyo 'ametuletea'. Miaka yote nimebishana na marehemu juu ya jambo hilo."

"Studio ulikwenda lini mara ya mwisho?"

"Wiki mbili zilizopita. Kurasa ananitumia kwa simu, na za mwisho hakuwahi kuzituma."

"Na habari kwamba Kisiki atakufa, gazeti liliipata wapi?"

"Sijui. Ila ni kweli, mwisho ule niliuandika mimi. Anang'olewa, anakufa kwa heshima."

"Naomba uniandikie neno moja kwa ajili ya faili. Ule msemo wa mashabiki. Kisiki hakingoki."

Mhariri alichukua kalamu, akaandika bila kufikiri: Kisiki hang'oki. Ritifaa ilikaa mahali pake, safi. Inspekta aliweka kando yake picha ya ukuta.

Mhariri alizitazama zote mbili. Rangi ya uso ilimtoka kidogo, kisha ikarudi.

"Kwa hiyo kosa langu ni kuandika Kiswahili sanifu? Wako wengi wanaokiandika, Inspekta."

"Wako, na ninawapongeza. Hilo linamwondoa Kinyozi tu, wewe halikufungi." Akainuka, akachukua mkoba wake. "Basi. Dada yake ameamua toleo litoke na mwisho ule alioubadilisha marehemu, kama ulivyo."

"Mwisho ule?" Mhariri alicheka kwa uchungu, na hapo hasira ikamshinda akili. "Mtu ameteswa na dunia nzima, kurasa mia na zaidi, halafu anaota jani kichwani kama mche wa bustani? Huo ni mwisho? Huo ni utani!"

Koplo, kwa mara ya kwanza maishani, hakusema neno.

"Jani gani?" aliuliza Inspekta.

"Dada... dada yake aliniambia."

"Dada yake amelala nyumbani kwangu na simu yake ninayo mimi. Na ukurasa wenyewe umelowa damu, hausomeki. Wanaojua habari ya jani ni dada yake, sisi wawili, na mtu aliyeuona kabla damu haijamwagika."

Kisu kilikuwa mkononi mwa Mhariri kabla hajamaliza. Aliruka meza, kalamu zikatawanyika, akamchoma Inspekta begani, akakivuta, akalenga shingo. Inspekta aliudaka mkono wake kwa mikono yote miwili, wakaanguka pamoja, ncha ikashuka mpaka ikagusa ngozi ya koo. Koplo aliinua kiti akamshushia mgongoni. Hakuanguka. Akamshushia tena. Mara ya tatu kitu kililia ndani ya bega la Mhariri, kisu kikadondoka, naye akabaki sakafuni akilia kama mtoto, miwani imepasuka puani.

"Nilikuwa namrekebishia toleo zima," alisema, Koplo akimfunga pingu. "Kila 'kimesimama' nikaiweka 'amesimama'. Alipogundua akanipigia simu. Akasema jina langu linatoka jaladani, filamu ya Kisiki inakuja na mimi simo. Kwa silabi moja! Kisiki alikuwa picha bubu mpaka nilipompa maneno. Nani alimfanya aseme? Mimi!"

"Kwa hiyo ukaipeleka gazetini habari ya kifo."

"Ili wakasirike. Nilijua wangekasirika. Kinyozi yule na domo lake, nilijua angesema kitu."

"Na barakoa ukanunua mpya."

"Nilikwenda nayo kama angekataa kurudisha jina langu. Nikamsihi. Akanionyesha lile jani, akacheka." Alifumba macho. "Akasema, 'Kimechipua, bwana. Usinisahihishie.' Basi nikapiga."

Inspekta alikuwa amelibana bega kwa kitambaa, damu ikimpita vidoleni. Alimchukia mtu huyo kuliko alivyowahi kumchukia muuaji yeyote, na hakujificha.

"Ungeandika ukutani kwa ki," alimwambia, "Kinyozi angechomwa moto leo, na mimi ningesema haki imetendeka."

Saa sita kasoro Mkuu alitangaza kwa kipaza sauti kwenye geti la hospitali. Mawe mawili yalirushwa, kisha mtu mmoja akaweka dumu lake chini, wengine wakamfuata wakiwa hawatazamani usoni.

Wodini, mke wa Kinyozi alikuwa mlangoni, mkono mmoja umefungwa bendeji, na mwingine umeshika fagio. Alilishusha alipomwona Inspekta. Daktari alikuwa ameshawaambia kwamba jicho la kushoto halitaona tena.

Inspekta alifungua pingu kwa mkono wake mzima. Kinyozi alisikia mlio wa chuma, akageuza uso.

"Mmempata?"

"Tumempata. Ni Mhariri."

Kinyozi hakutukana. Alipapasa alama ya pingu mkononi.

"Na Kisiki?" aliuliza mwishowe. "Niambie tu, hata kama ni vibaya."

Ule ulikuwa ushahidi wa mahakama, na Inspekta alijua kanuni. Aliinama mpaka kwenye sikio lililobaki zima.

"Kimechipua," alisema. "Kina jani moja."

Koplo alisimama nyuma yake, ulimi ukicheza kwenye pengo la jino.

"La kijani," aliongeza. "Kimependeza sana."

Machozi yalitoka kwenye macho yote mawili ya Kinyozi, hata lile lililokufa. Mkewe aliegemeza fagio ukutani, akaketi kitandani, akayafuta.