Kuchua si Kukanda

Bi Sabaha alikuwa bingwa wa kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua Kariakoo, hutafutwa yeye. Huchemsha maji na majani ya mwarobaini, huchovya taulo, hulikamua, kisha hukanda mgongo na kiuno mpaka mzazi apige kelele.

"Piga tu," husema. "Mikono yangu haina kosa."

Safari hii mzazi alikuwa bintiye mwenyewe, Zena, aliyekaa ghorofani Mchafukoge. Zena alilalamikia kiuno. Mumewe, Haruna, akaja na chupa ya dawa ya kuchua. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, maduka ya Kariakoo yamejaa bidhaa za kila nchi. Maandishi ya chupa yalikuwa ya kigeni. Hakuna aliyeyaelewa.

"Hii kiboko, mama," alisema Haruna. "Wachukuzi wote sokoni wanaipaka."

Bi Sabaha akafurahi. Akampaka Zena mgongo mzima mpaka mapajani. Kisha akachukua taulo la moto, akakanda juu ya dawa ileile. Asubuhi hivyo, jioni hivyo.

Hazikupita siku nyingi, Zena akasema, "Mama, masikio yanavuma kama mashine ya kusaga."

"Kukosa usingizi huko. Mzazi gani analala?"

Kesho yake Zena aliinuka na mtoto mikononi. Chumba kikamzunguka, mtoto akamponyoka. Bi Sabaha akamdaka mjukuu wake kichwa kikiwa karibu kugonga sakafu.

"Huu upepo mbaya," alisema, akimkumbatia mtoto. "Haruna, kamwite mganga!"

Haruna alipofungua mlango alikutana na jirani yao, Bharti, mfamasia, aliyekuja kumwona mtoto. Bharti alisimama palepale, akanusa.

"Shikamoo, Bi Sabaha. Harufu gani hii?"

"Marahaba. Dawa ya kuchua tu, ya kiuno. Ila masikio yanamvuma Zena, na sasa kizunguzungu kimempata."

"Mmemchua, au mmemkanda?"

"Vyote! Ndiyo dawa iingie."

"Basi imeingia, Bi Sabaha. Imepita kiasi."

Bi Sabaha alikunja uso. Bharti akasogea karibu.

"Ukishamaliza kukanda, ngozi ya Zena huwaje?"

"Hupata moto. Damu huchemka."

"Haichemki, hukimbia. Ngozi ikipata moto, mishipa midogo ya damu hutanuka, na damu nyingi hupita. Dawa iliyo juu hupenya upesi. Damu huibeba na kuisambaza mwili mzima. Dawa ya kiuno sasa iko masikioni. Huweza kufika hata kwenye maziwa."

Bi Sabaha alimtazama mjukuu wake.

"Kumbe mikono yangu..."

"Mikono yako haina kosa. Kuchua ni kuchua, kukanda ni kukanda. Ukivichanganya, unamtia sumu. Sasa tumwoshe kwa sabuni na maji yasiyo ya moto, twende hospitali. Chupa tuibebe, daktari aione."

"Na mganga?" aliuliza Haruna.

"Koma! Wewe na kiboko chako!" alifoka Bi Sabaha, akichukua kanga ya kumfunikia mtoto.

Hospitalini walimlaza Zena mpaka masikio yakatulia. Mtoto alipimwa, akaonekana mzima. Daktari aliwaeleza bila haraka: dawa ya kuchua hupakwa kidogo, penye maumivu tu. Haipakwi kwenye kidonda. Haifunikwi, wala haikandwi kwa moto. Mama anayenyonyesha aulize kwanza kabla ya kuipaka.

Zena alirudi nyumbani. Bi Sabaha aliendelea kumkanda, kwa maji ya vuguvugu na mwarobaini peke yake. Kiuno kikapona polepole, na mtoto akanenepa.

Baadaye Bi Sabaha aliitwa kwa mzazi mwingine, Kariakoo. Maji yalikuwa tayari, taulo tayari, na mashoga wa mzazi wameketi kusubiri kelele. Bi Sabaha hakuligusa taulo. Aliinama kwanza, akaunusa mgongo wa mzazi kutoka shingoni mpaka kiunoni.

"Bibi, unanusa nini?" mzazi akacheka.

"Nanusa kama kuna aliyenitangulia," alisema Bi Sabaha. Kisha akachovya taulo.