Boriti ya Mkoko

Doa lilianza dogo, kama mdomo wa kikombe, kwenye dari ya sebule. Kaveke aliliona akiwa kwenye cherehani yake, akadhani ni mkojo wa panya. Kesho yake lilikuwa limefika ukubwa wa sahani, na tone moja likadondokea kaptula ya shule aliyokuwa akiishona. Ilikuwa Septemba. Huko Mbooni mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

Mama mkwe wake, Kathini, aligusa lile tone kwa kidole, akakionja.

"Ni chumvi," akasema. Kisha akaketi chini polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Nyumba yenyewe ilikuwa na miezi sita tu. Kaveke, mjane mwenye binti mmoja, aliijenga kwa pesa za kushona sare, pale pale iliposimama nyumba ya mviringo ya nyasi ya baba mkwe wake, marehemu Musyimi. Alitaka kuta nne na madirisha yanayofunguka, lakini zaidi ya yote alitaka mabati. Nyasi hunywa mvua. Mabati huipeleka kwenye gata, na gata huimwaga kwenye tangi. Miaka kumi na mitano alikuwa ameteremka bondeni kuchota maji na kuyapandisha kilimani, kamba ya mtungi ikimkata kwenye paji la uso. Mvua ya Aprili ililijaza tangi lake, na tangu siku hiyo hakuteremka tena.

Shemeji yake, Kaloki, hakupendezwa. "Nyumba ya baba haibomolewi hivi hivi," alisema siku nyasi ziliposhushwa. Ajabu ni kwamba Kathini, aliyeishi ndani yake miaka zaidi ya hamsini, hakumwaga hata chozi. Alisimama akaitazama ikianguka, akaenda kunawa mikono.

Baada ya doa ikaja harufu: matope, samaki, majani yaliyooza ndani ya maji. Kaveke hakuwahi kuona bahari maishani mwake, hakujua ananusa nini. Ikaja kila adhuhuri, jua likiwa utosini na mabati yakialika kwa joto, na chini ya mlio huo kukawa na sauti nyingine, nyayo tupu zenye maji, zikitembea juu ya dari kutoka ukuta hadi ukuta, bila haraka. Jumamosi walifungua bomba la tangi, na maji yote yalikuwa ya chumvi. Kuku sita waliyanywa wakafa kabla ya jioni.

Jumatatu Kaveke alitoka dakika chache kuanika nguo, na aliporudi alimkuta binti yake Mbula, wa miaka mitano, amekaa katikati ya sebule chini ya lile doa, nywele zimelowa chapa, ameinua uso na kufungua mdomo kama kifaranga, na matone yalikuwa yakimwingia mdomoni moja baada ya jingine huku akitabasamu, akimwangalia mtu ambaye mama yake hakuweza kumwona. Kaveke alimnyakua na kutoka naye mbio. Mtoto alilia akitaka kurudishwa.

"Yule babu ameniambia nilale kwake," akasema.

Siku hiyo hiyo Kaloki alikuja na wazee wawili wa ukoo. Walikataa kuingia, wakasimama uani.

"Ni aimu, wafu wa ukoo," Kaloki alisema. "Wanataka nyumba yao. Mabati yatoke, nyasi zirudi, na wewe Mama Mbula utafute chumba hapo sokoni."

"Na hapa atakaa nani?" Kaveke aliuliza.

Kaloki akatazama pembeni. Hapo ndipo Kathini aliposimama.

"Si aimu. Usiwasingizie wafu wetu, Kaloki. Baba yako alifanya kazi bandarini Mombasa, akarudi na boriti ya mkoko. Ilikuja na treni hadi Makindu, wanaume wanne wakaibeba kutoka huko. Akaisimamisha katikati ya nyumba, na kila mwezi ukiandama aliimwagia maji ya chumvi. Mbuzi wake wakaongezeka. Mimi nikazika watoto wawili, wote walikufa mchana, wote nywele zimelowa. Alinunua jini, mwanangu. Aliniapisha kwamba nikisema nitakufa."

"Mwaitu, nyamaza," Kaloki akamnong'oneza mama yake.

"Nimenyamaza miaka hamsini. Kama ni kufa, nife."

Wazee wakaondoka bila kuaga. Kaloki akawafuata.

Kaveke alimpeleka Mbula kwa dada yake, akampigia simu Mwalimu Faki, mzee wa madrasa huko Makindu ambaye watu wa dini zote walimwendea kwa mambo ya majini. Alifika kesho yake na pikapu yake. Hakuwasha ubani wala kuomba mbuzi. Alitaka tu aitwe fundi aliyeijenga nyumba.

Fundi Kyule alikuja, akaulizwa kama kuna mti wowote wa nyumba ya zamani alioutumia. Akakuna kichwa.

"Nguzo ya kati, Mwalimu. Ilikuwa ngumu kama chuma, mchwa hawajaigusa. Nikaona ni hasara kuitupa. Ndiyo imebeba kenchi za paa."

"Basi," Faki akasema. "Jini hajui nyasi wala mabati. Anajua mti wake. Mwenye nyumba ndiye atakayeukata, kwa mkono wake, adhuhuri, saa ileile ya jini. Na akiitwa kwa jina, asiitike."

"Nikianguka?" Kaveke akauliza.

"Utaanguka ukiwa kwako."

Kyule alisimamisha miti mitatu kushikilia kenchi, akatoa dari na mabati ya katikati, akashuka akiwa amelowa jasho. Saa sita kamili Kaveke alipanda ngazi na msumeno. Faki alikuwa mlangoni akisoma Kurani kwa sauti ya chini. Boriti ilikuwa nyeusi na maji yalitiririka juu yake ingawa jua liliiunguza, na alipoiwekea msumeno ilipumua, akaisikia pumzi hiyo kwenye shavu lake, baridi, yenye harufu ya matope, halafu mtu akasema nyuma ya sikio lake, kwa sauti ya mume wake aliyemzika miaka mitatu iliyopita, sauti ya upole ileile ya jioni akimwomba chai, "Kaveke, shuka mpenzi, ngazi haijakaa vizuri, Kaveke, nitazame," na ngazi kweli ikaanza kusogea chini ya miguu yake, na machozi yakamjaa, na mkono wake haukuacha kukata.

"Nyumba hii niliishona sindano kwa sindano," aliuambia mti, si ile sauti. "Sina nafasi ya mpangaji."

Boriti ilikatika kwa kishindo kilichosikika hadi barabarani. Faki alikataza isichomwe. Walifunga vipande viwili kwa gunia, wakavipakia, naye akaondoka kuvirudisha baharini.

Jioni alipiga simu akiwa Mtito Andei. "Jini ananiita jina langu," akasema taratibu. "Sasa ametaja la mama yangu."

"Usiitike, Mwalimu. Endesha."

Kesho yake, karibu saa sita, alipiga tena. Alikuwa amevitupa. Havikuelea, alisema, vilizama kama mawe, maji pale yakachemka kidogo, yakatulia.

"Kwa hiyo amekwenda?"

"Mti umekwenda. Lakini amekaa kwenu miaka hamsini, mama. Pengine ataijaribu njia ya kurudi."

Kyule alikuwa ameahidi boriti ya chuma siku ya Ijumaa. Mpaka hapo sebule ilikuwa wazi juu, mbingu tupu. Kathini alileta sufuria ya isyo, wakaketi kwenye jua kali katikati ya chumba, mahindi na maharagwe yakifuka mvuke mbele yao, mlango wameuacha wazi kabisa.

Kaloki alitokea kwenye ua, akasimama nje ya mlango.

"Mnakula humo?" akauliza. "Saa hii? Hamwogopi?"

Kathini akampakulia mkwewe kijiko cha pili.

"Tunaogopa sana," akasema. "Ingia ule, au uondoe kivuli chako mlangoni, upite."