Foleni ya Mashine za Mchezo

Mwaka 1986 bidhaa za nje zilianza kuonekana tena madukani. Asubuhi moja baba yangu, Florian, alipanga mashine kumi za mchezo katika duka lake dogo pale Mukendo, Musoma. Mashine hizo huunganishwa na televisheni. Mtu hucheza mpira kwa vidole, huku amekaa.

Foleni ilifika hadi barabarani. Kabla ya adhuhuri mashine zote zilikuwa zimekwisha.

Jioni, nyumbani Bweri, Baba aliketi kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Nauza maksai," alitangaza. "Naleta mashine mia moja."

Mama aliacha kusonga ugali. Maksai wetu wawili ndio waliolima shamba, na mvua zilikuwa karibu.

"Plau utavuta wewe?" aliuliza.

"Mama Thadeo, zimekwisha kwa nusu siku! Watu wanazitaka."

Mimi, Thadeo, nilikuwa likizo kutoka shule ya bweni. Niliitazama shingo ya Baba. Niliona nira ingemtosha. Kwa heshima, niliangalia pembeni.

Jirani yetu, Mama Pelagia, alikuwa amekuja kuomba moto. Miaka ya uhaba alikuwa muuzaji wa duka la ushirika. Alicheka.

"Baba Thadeo, mimi nilikuwaga nafungua mlango tu, foleni ipo. Watu wanapanga kwanza, wanauliza baadaye. Wanaogopa kukosa."

"Lakini mashine zimekwisha."

"Zimekwisha dukani. Huko nyumbani zinatumika? Twende tukaulize kabla hujauza ng'ombe."

Siku tatu baadaye tulikwenda watatu: Baba, Mama Pelagia na mimi. Kwa Mzee Makongoro tulikuta koroboi imewekwa juu ya mashine. Hakuwa na umeme wala televisheni.

"Shikamoo, mzee. Mbona uliinunua?" Baba aliuliza.

"Marahaba. Niliona foleni, nikajua ni sukari. Nilipofika mbele, ningerudije mikono mitupu?"

Dada Hyasinta alikuwa ameifunika yake kwa kitambaa cha kufuma.

"Televisheni iko wapi?" aliuliza Mama Pelagia.

"Bado. Nimeanza na hii."

Keraryo, mchuuzi, alikuwa na tatu ndani ya maboksi. Alikuwa amezitembeza hadi mji wa Bunda, mtaa wa Nyasura wote, bila mnunuzi.

"Florian, nikuuzie?" alisema. "Nitakupunguzia."

Fundi Felisiani peke yake ndiye tuliyemkuta akicheza. Alikuwa na televisheni.

"Utanunua nyingine?" Baba aliuliza.

"Ya nini? Moja inatosha."

Tulirudi Bweri. Nyumbani maksai walikuwa wanatafuna majani. Hawakujua walivyoponea chupuchupu.

"Sasa nilete nini?" Baba alimuuliza Mama Pelagia.

"Waulize wateja wanatafuta nini kila mara. Lete kidogo. Wakirudi, ongeza."

Walitaka betri za redio, sabuni na vioo vya kandili. Baba alileta vichache. Watu walirudi, akaongeza. Maksai walilima, mvua ikanyesha, mtama ukaota vizuri.

Siku moja tulikuta foleni ndefu nje ya duka jingine. Miguu ya Baba ilikwenda yenyewe, akasimama mwisho wa mstari. Kisha akamgusa bega mtu wa mbele yake.

"Ndugu, tunangoja nini?"

"Sijui. Labda wa mbele wanajua."

Baba alinitazama. Akatoka kwenye mstari, tukaenda kupalilia mtama.